Msusi Aliyefanywa Mkandarasi

"Hapa kwako naitwa Shangazi, kwa kaka naitwa mkandarasi," msusi wangu aliniambia huku akinitikisia kitana. "Mimi mwenyewe nitaitwa lini?"

Nilimjibu apunguze sauti, mbele yake pana kichwa cha mteja. Mteja naye alishanyoosha shingo asikose neno. Katika saluni yangu watu hulipia kusukwa, umbea wanaupata bure.

Huyu bwana ndiye msusi wangu wa pekee wa kiume, na ndiye bora kuliko wote. Hilo silisemi mbele yake maana ataomba kiti kipya. Alianza kusuka baada ya mkewe kufariki na kumwachia kitoto cha kike chenye nywele nyingi na kilio kingi zaidi. Ndugu wa kike walikuwa mbali, majirani walichoka kubembeleza, ikabidi ajifunze. Mwanzoni mtoto alikwenda shule na kichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Baadaye akina mama wakawa wanamsimamisha njiani kumwuliza nani kamsuka. Kitoto kikajibu, shangazi. Kiliona haya kusema baba. Jina likaanzia hapo, likamfuata hadi saluni, na sisi kwa midomo yetu tukalikuza.

Kazi yake ina namna yake. Wasusi wengine humkalisha mteja chini, kati ya magoti. Yeye, mteja akiwa mtu mzima, humpandisha kwenye stuli ndefu, akamsuka kwa kusimama nyuma yake, ili mume wa mtu akipita asione la kuuliza. Watoto tu ndio hukaa magotini pake. Na wanawake wakishapanda ile stuli husahau kabisa kwamba nyuma yao kuna mwanaume. Humwaga siri za ndani mpaka mimi najifanya natafuta taulo. Nje nako, wanaume wakiwa kwenye soga zao, akitokea yeye hupunguza sauti kama amepita mwalimu. Huku wamesahau kwamba ni mwanaume, huko wamemnyima huo uanaume.

Sasa binti yuleyule, mkubwa tayari, alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja Jumapili. Kaka mtu, ambaye ndiye mkandarasi wa kweli, akatoa amri: mdogo wake atambulishwe kama mwenzake wa kazi. Wale ni watu na heshima zao, alisema, wakisikia baba mtu anasuka watageuza gari hata chai hawajanywa. Alikuwa amemletea na shati lake mwenyewe, mikono inafika kwenye kucha.

"Mwanao anasemaje?" nilimwuliza.

Akashusha kitana. Alisema amemwuliza, naye kamjibu, "Sema upendavyo, baba," lakini huku anaangalia sakafu. Hapo ndipo palipomuuma. Mtoto angemwomba, angekuwa mkandarasi mpaka kufa. Alichoshindwa kukibeba ni kutojua kama anamwonea haya.

Jumapili nilikuwepo, nikishika nafasi ya marehemu mama mtu, maana lazima mtu apakue. Kaka alifanya utambulisho kwa sauti ya mkutanoni. Mkandarasi wetu mpya alikaa ameficha mikono chini ya mapaja kama mtu aliyeiba. Mambo yakaenda vizuri mpaka baba wa kijana, dereva wa lori mstaafu anayejijengea nyumba, alipomgeukia kwa hamu.

"Hivi bwana mkwe, zege likishamwagwa, mnalitunzaje?"

"Ulifunge kitambaa usiku," akajibu papo hapo. "Wiki sita halikusumbui."

Wageni wakacheka wakidhani ni utani wa mafundi. Kaka yake alikohoa mpaka nikamletea maji.

Wageni walikuja na mjukuu wao, kasichana kadogo, kamechoshwa na maongezi ya wakubwa. Kakaja kukaa sakafuni, kakaegemea magoti ya msusi, nywele zimefumuka kichwa kizima. Nikaiona mikono inatoka mafichoni. Haikumwomba ruhusa. Huku akimsikiliza mkwe habari za kokoto, vidole viligawa njia, vikavuta, vikakunja, na chai haijapoa mistari mitatu ilikuwa imelala sawasawa. Wageni wote wakageukia mikono yake. Naye akatazama chini, akaona alichokuwa anafanya.

Kaka akafungua mdomo. Mdogo mtu akamwekea mkono gotini.

"Mimi ni msusi," aliwaambia wageni. "Anayejenga ni kaka. Alitaka nionekane vizuri kwenu, namshukuru. Ila mkimchukua mwanangu, mjue mmemchukua kwa msusi."

Mama wa kijana akaweka kikombe chini. Binti akainuka, nilidhani anakimbilia jikoni kulia. Kumbe anaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe. Akavua kitambaa, akainamisha kichwa.

"Hizi kanisuka baba," alisema. "Ni yeye tu, tangu naanza shule."

Yule mama akapitisha kidole mstari baada ya mstari, bila haraka, kama mtu anayechagua kanga dukani. Halafu akamgeukia kaka mtu.

"Na wewe ulikuwa unatuficha kipaji hiki?"

Akaagiza mjukuu amaliziwe palepale, lakini chakula kilishaiva na mtoto alishaiona sahani. Jioni mtoto akaondoka amesukwa nusu kichwa. Msusi akamwahidi kwamba nusu iliyobaki ni deni.

Wiki ile mteja mmoja aliropoka "Shangazi," akajiziba mdomo. "Malizia tu, mama," msusi akamwambia, "Shangazi anakusikia." Nikamwuliza kwa nini basi alinitikisia kitana. Akasema jina halikuwa na ubaya. Kilichomchosha ni watu kumchagulia, na yeye kukaa kimya akivaa kila wanachomletea.

Jumamosi deni likaletwa. Aliyemleta mtoto ni kaka mtu, maana mama wa kijana alimtuma bila kumwuliza kama ana nafasi. Hakuwahi kukanyaga saluni yangu. Alikaa ukingoni mwa benchi, magoti yamebanana kama anayesubiri kung'olewa jino. Wateja wakamwuliza yeye leo anasukwa mtindo gani. Akasema kipara hakina mitindo, na hapo wakampenda. Kisha akatulia, akavitazama vidole vya mdogo wake.

"Ulifundishwa na nani?"

"Na mwanangu. Akilia, najua nimekosea."

Kaka akasogea aone vizuri. Fundo la mwisho lilipofungwa, mtoto akajipapasa upande huu na upande huu, akaridhika, akasimama. Kaka akatoa pochi.

"Irudishe, kaka," msusi akasema akikung'uta taulo. "Deni lilikuwa langu, nimeshalipa."