Ngano Nene ya Mwalimu

Majuzi nilikuwa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, kwa mazishi ya jirani wetu wa zamani, na baada ya chakula nikatembea hadi mahali tulipokuwa tukiishi. Mlinzi wa fleti zilizojengwa hapo akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia natafuta shamba la ngano. Alinitazama juu hadi chini, na sikumlaumu. Mama mzima, mkoba begani, anatafuta ngano kati ya kamba za nguo na madishi ya televisheni!

Lakini shamba lilikuwepo, rafiki yangu. Lilianzia ng'ambo ya barabara ya vumbi mbele ya nyumba yetu, likaenda mpaka macho yachoke. Ilikuwa miaka ile ya maziwa ya Nyayo, tukipewa shuleni zile pakiti za pembetatu. Mwenye shamba hatukuwahi kumwona. Ngano ndiyo tuliyoijua. Asubuhi, baridi ya Eldoret ikituuma masikio na sisi tumekumbatia vikombe vya chai, upepo ulipita juu yake na sauti yake ikaingia hadi jikoni.

Baba alikuwa fundi wa plasta. Chumba chetu cha nje tulimpangishia mwalimu wa sanaa wa shule yangu, msichana aliyetoka upande wa Kakamega. Mama alimpenda kwa sababu hakuwahi kulaza vyombo vichafu. Mimi nilimpenda kwa sababu chumba chake kilinuka vitu nisivyovijua, mafuta ya kitani na tapentaini za kuchanganyia rangi. Mtoto mwenye maswali kama mimi, ukimpa harufu asiyoijua, umempa kazi ya mwaka mzima.

Mwaka huo ngano ilipoanza kuiva, mwalimu aliegemeza ubao wa hadibodi kwenye kiti uani, akaanza kuichora kwa rangi ya mafuta. Rangi alizikamua juu ya pakiti za maziwa alizozipasua na kuzikunjua. Halafu, badala ya kupaka kistaarabu kama picha za kalenda, alichota rangi kwa kisu cha mezani, akaibandika ubaoni kama mtu anayepaka siagi ya sherehe. Anga alilipiga kwa brashi pana ya kupakia milango. Mkono aliuzungusha kutoka begani, mapigo machache tu, na wingu la mvua likawa limefika.

"Mwalimu, mbona unaweka rangi nyingi hivyo?"

"Kwani ngano ni kidogo?"

"Na mbona hurudii pale palipopinda?"

"Ukirudiarudia, unaiua," akasema, wala hakugeuka.

Nilisogeza pua karibu na ubao, nikaona fujo tupu. Madonge ya manjano, madonge ya kahawia, na mengine, haki ya Mungu, yalikuwa ya bluu. Bluu kwenye ngano? Nilirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mgongo ukagonga tangi la maji, na hapo nikashtuka. Madonge yalikuwa yameinuka yakawa masuke, na masuke yalikuwa yakiyumba. Nikasogea tena, fujo. Nikarudi, ngano. Mama aliniuliza kama nina minyoo. Hata nilivuka barabara kwenda kuhakikisha hiyo bluu, nikangoja wingu lipite juu ya shamba, na kweli ilikuwepo.

Haraka ya mwalimu ilikuwa na sababu. Alikuwa amepata uhamisho. Januari alitakiwa awe Lodwar, mbali huko kwenye jua na mchanga, na hakuwa na mtu wa kumsaidia kubadilisha.

"Mchanga nitauona mpaka nichoke," alimwambia Mama. "Nataka tu niwe na kitu chenye uhai machoni. Hii nikiimaliza kabla kombaini ya kuvuna haijaingia, nitaenda bila kulia."

Aliimaliza. Lakini rangi ya mafuta ikipakwa nene hivyo haikauki leo wala kesho, na chumba chake kilikuwa kinavuja. Basi picha ikatundikwa sebuleni kwetu ikauke polepole. Hapo ndipo Baba alipoanza kuteseka. Kila jioni aliketi mbele yake na chai ikapoa mkononi. Mtu ambaye maisha yake yote amelainisha kuta za watu, sasa ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna ukuta wenye vipele!

"Mwalimu, hii kazi itaisha lini?"

"Imeisha, Mzee."

Baba alitabasamu kwa adabu. Alidhani mwalimu anamficha uchovu wake. Nilimsikia akimwambia Mama, "Maskini, ana mambo mengi huyu. Ameachia kazi katikati."

Kombaini iliingia shambani. Iliguruma siku mbili, ikaondoka, na mbele ya nyumba kukabaki mabua mafupi na kimya. Siku iliyofuata mwalimu alikwenda mjini kushughulikia safari yake, nami nikatumwa posho mill. Niliporudi na unga kichwani nilimkuta Mama amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Wewe mzee, umefanya nini? Wacha! Wacha hapo hapo!"

Baba alikuwa sebuleni na mwiko wake mdogo wa plasta, ameng'aa uso. "Si nimemsaidia? Hebu ona vile imelainika. Hata benki hawana ukuta kama huu."

Ngano yote ilikuwa imelala. Ilibaki kona moja ya chini, upana wa daftari la shule, ambayo sauti ya Mama iliiokoa. Nililia mpaka unga ukamwagika. Nilimwambia Baba maneno ambayo siku nyingine yangeniletea kiboko, na siku hiyo hakunigusa. Nadhani machozi yangu ndiyo yaliyomfanya aelewe.

Mwalimu alirudi saa kumi. Baba alisimama, kofia mkononi. Mwalimu aliitazama picha. Manjano moja iliyopauka, na mistari ya mwiko imepita sambamba kutoka upande hadi upande. Akaenda mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara, kule kombaini ilikopita. Akarudi.

"Mzee," akasema, "umeivuna."

Kisha akacheka, akalia, akacheka tena, na Mama akamshika. Kurudia hakukuwezekana, kwa kuwa shamba la kutazama halikuwepo tena. Alimwomba Baba msumeno. Baba akasema atakata mwenyewe, akaikata ile kona iliyosalia. Mwalimu aliipigilia ndani ya katoni ya sabuni isiguswe na kitu, na siku ya kuondoka aliipakata mapajani. Hatukumwona tena.

Kipande kikubwa alituachia. Baba alikitundika mwenyewe. Wageni waliokuja walikisifu, kwamba rangi imelazwa vizuri, na yeye aliwajibu jambo lile lile mpaka uzeeni. "Ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Baba hayupo sasa, na picha iko kwangu. Mara nyingine napitisha kiganja juu yake, na hakuna donge, hakuna kipele. Alikuwa fundi hasa, na hilo linaniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Lakini ninachotaka kujua ni habari za ile kona. Je, joto la Lodwar liliikausha, au liliipasua? Je, mwalimu aliitundika mahali ambapo angeweza kurudi nyuma vya kutosha? Ningetoa kipande changu chote niione hata dakika moja. Kama ipo kwenye ukuta wa mtu huko kaskazini, basi kuna ngano ya Kiplombe ambayo mpaka leo haijavunwa.