Video ya Mgongo wa Bibi Arusi

Simu yangu ya kwanza yenye kamera niliinunua nikiwa nimeanza kazi pale Kitengela, miaka ile ambayo ukitoa simu ya kamera hata watu wasiokujua walijipanga mbele yako wakitabasamu. Nilijiona kituo kizima cha televisheni. Nilirekodi mbuzi wakivuka barabara ya Namanga, malori ya mawe yakitimua vumbi, na mama yangu akichambua maharagwe huku akinifukuza. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti, lakini nani alijali?

Kwa hivyo rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alipotangaza kwamba anaolewa, nyumbani kwao nje ya mji wa Kajiado, sikungoja kuombwa. Yeye ni Mmaasai. Mimi ni Mkamba, baba yangu alifuata kazi ya kuchonga mawe Kitengela akakaa. Kwa miaka yote ya shule tuligawana dawati moja, na sasa nilitaka arusi yake iingie yote ndani ya simu yangu.

Mtu mmoja tu ndiye angeikosa arusi hiyo, na ndiye aliyestahili kuiona kuliko sisi wote. Nyanya yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Alilazwa nyumbani kwa binti yake hapo Kitengela, na daktari alikataza kabisa asibebwe kwenye barabara ya mashimo. Nilienda kumwona.

"Takwenya, Kokoo," nikamsalimu kwa Kimaasai, nikimwita nyanya kama wajukuu wake.

"Iko," akaitikia. Aliichukua simu, akaipindua huku na huku. "Hii kitu inaweza kubeba mtu akitembea?"

"Inaweza, Kokoo. Hata sauti inabeba."

"Basi niletee mtoto wangu akitoka boma. Sitaki keki, sitaki mahubiri ya pasta. Akitoka boma, mpaka aingie kwa gari."

Nilimwapia. Nilitoka pale moyo ukinidunda kwa furaha, maana hatimaye simu yangu ilikuwa imepata kazi ya maana.

Nilijiandaa kama mtu anayeenda kufanya mtihani. Nilifuta mbuzi wote ili kadi ipate nafasi. Nilichimba kwenye mipangilio mpaka nikagundua kwa nini video zangu zilikuwa zikikatika upesi na kuonekana za matope: simu ilikuwa imewekwa irekodi vipande vidogo vya kumtumia mtu. Nikaipandisha hadi ukubwa wa mwisho. Juu ya yote nilikariri somo alilonifundisha mama bila kujua, siku niliyomrekodi akiwa mlangoni na mwanga wa nje uko nyuma yake, akatoka mweusi kama sufuria ya kuni. Jua likae mgongoni mwa anayerekodi. Sikutaka kusikia lingine.

Asubuhi ya arusi ilikuwa na jua kali, na upepo wa Kajiado ulikuwa unapiga mabati utadhani unadai kitu. Rafiki yangu alitoka ndani akiwa amepakwa mafuta na udongo mwekundu, shanga zimempanda mpaka kidevuni, mrembo hata nikapiga yowe. Tulikumbatiana. Nilipojaribu kamera, dunia yote ilikuwa ukungu.

"Nani ameharibu simu yangu?" nikafoka. Nilikuwa tayari kugombana na ukoo mzima.

Shangazi wa bibi arusi aliichukua, akaichungulia. "Si umemkumbatia? Ni mafuta yake hayo," akasema, akakipangusa kile kijicho cha kamera kwa ncha ya leso. Ukungu ukatoweka, na mimi nikasahau hasira papo hapo.

Kisha mjomba wake akamnyunyizia maziwa, akambariki, na safari ikaanza. Gari la bwana arusi lilingoja ng'ambo ya ua, upande wa magharibi. Mimi nikakimbilia mashariki, jua mgongoni kama nilivyokariri, viwiko nimevibana mbavuni ili mkono usitikisike. Picha ilikuwa safi ajabu! Kila ushanga ulionekana. Kitu kimoja tu hakikuonekana: uso. Nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa nyuma ya bibi arusi.

Kukimbilia mbele kungenipa jua la macho na video ya kurukaruka. Nikafanya kile ambacho mpiga picha yeyote wa Kitengela angefanya.

"Geuka! Angalia huku kidogo!"

Mkono wa shangazi ukaniziba mdomo, unanuka maziwa. "Wewe! Bibi arusi haangalii nyuma! Unataka awe jiwe?"

Nilijua! Tangu utotoni nilikuwa nimesikia habari hiyo, lakini furaha ilikuwa imeifuta yote kichwani. Niliona aibu hadi masikioni. Lakini simu sikuishusha. Nilirekodi mgongo ule mpaka ukaingia garini.

Kesho yake nilikwenda kwa Kokoo nikiwa nimenuna. Mwanga wa dirisha ulikiua kioo, kwa hivyo alivuta blanketi, tukajifunika vichwa sote wawili, na nikabonyeza.

Upepo ulivuma ndani ya simu. Bibi arusi akatembea, polepole. Halafu ikaja sauti yangu, kubwa, ya kuchukiza: "Geuka!"

Kokoo alinishika mkono kwa nguvu. Kwenye kioo, hereni ya rafiki yangu ilicheza. Shingo ilianza kupinda, kidogo tu. Ikasimama. Ikarudi mbele, na miguu ikaendelea.

Hakuniachilia mpaka mgongo ulipoingia garini.

"Nani huyo alipiga kelele?"

"Ni mimi, Kokoo. Nisamehe. Hata uso wake sikuupata."

"Uso naujua, nimeuosha mimi." Alivuta pumzi. "Mama yake pia aliitwa akitoka boma. Aliitwa na rafiki yake, hivyo hivyo. Akageuka."

Mama huyo nilijua habari zake. Alirudi kutoka kwa mumewe mwaka uleule akiwa na mimba, na hakuishi kumwona mtoto akikaa. Mtoto huyo ndiye tuliyegawana dawati.

"Tangu jana sijalala," Kokoo akasema. "Huyu ameitwa, na hajageuka. Nimeona na macho yangu."

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikajikuta nafanya vivyo hivyo, joto limetujaa mle chini ya blanketi. Akanirudishia simu.

"Sasa weka tena. Anzia pale unapiga kelele."