Mbuzi wa Ruhondo

Mama mkwe wangu alipoanguka jikoni kwake, kijijini Misungwi, alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, jirani alipokuja kuomba moto. Hakuvunjika kitu, goti moja tu ndilo lililovimba. Alinyanyuliwa, akanywa uji, kisha akaagiza habari hizo zisifike Buhongwa. Zilifika kabla jua halijazama, maana jirani ana simu na ana mdomo.

Buhongwa, pembezoni mwa jiji la Mwanza, ndiko ninakoishi na mke wangu, kwenye nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu. Nyuma ya nyumba hiyo nilikuwa nimeongeza chumba kwa ajili ya mama. Nilikiwekea mlango wake unaofungukia uani, ili asilazimike kupita sebuleni na kunikuta nimekaa na singilendi. Kilikuwa na kitanda, neti na taa. Kwa miaka miwili hakuna aliyelala humo isipokuwa magunia yetu ya mpunga.

Mama hakutaka kuja, na sababu yake ilikuwa mimi. Wasukuma wa siku hizi tumeacha mengi, lakini yeye hajaacha kitu. Kwake mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, angemwambia mke wangu, "Muulize mumeo kama ng'ombe wa kwao wamepona." Nami ningemjibu mke wangu kwamba wamepona. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje alale chini ya bati lako?

Nitasema ukweli kwa kuwa sasa haumuumizi mtu. Mara ya kwanza alipokataa, nilishukuru kimoyomoyo. Lakini baada ya kuanguka kule, mke wangu aliharibika. Simu ikilia alishtuka hata kama ni ya muuza maziwa. Kila Jumamosi alikuwa Misungwi, na siku nyingine zote mwili wake ulikuwa Buhongwa, roho iko Misungwi. Alilia, aliomba, alimtuma mchungaji, akawatuma wajomba. Mama akawajibu wote jibu moja: mama mkwe halali kwa mkwe, atachekwa. Nikafika mahali pa kumtaka aje kuliko hata binti yake alivyomtaka. Nilichoogopa ni safari ya mwisho ya kwenda Misungwi, ile ambayo jirani angechelewa kuja kuomba moto.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu aliyeolewa Kigali, akajifungua. Mama akasema kwenda kumwona mjukuu hakuna mwiko, hapo ni kwa binti yake. Kwamba hapo pia pana mkwe hakulitaja, na sisi hatukumkumbusha. Mkwe mwenyewe alikuwa kazini mkoa mwingine. Tukapanda basi sisi watatu, tukavuka daraja jipya la Busisi, mama akiwa kiti cha mbele na mke wangu, mimi nyuma kabisa kama mizigo. Tulivuka mpaka Rusumo, saa zikarudi nyuma saa moja, magari yakahamia upande wa kulia. Njia nzima mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo.

Shemeji alikuwa amemwandalia mama zawadi: safari ya siku moja, na mtu wa kutuongoza, kwenda kuona maziwa mawili ya milimani kaskazini, Burera na Ruhondo. Alimweleza kwamba moja liko juu na jingine liko chini yake, yametenganishwa na kilima chembamba tu. Mama hakuyaamini hayo. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi maji yanavyoweza kukaa mlimani bila kumwagika. Mimi nimekulia Pasiansi, nikifumbua macho naona ziwa lisilo na ng'ambo. Niliposikia unaweza kuona mwisho wa maziwa hayo pande zote, nikamwambia mke wangu kwamba kwetu vitu hivyo huitwa madimbwi.

Tulipaswa kwenda wanne, sisi watatu na mwongozaji. Asubuhi ya safari mtoto akaamka na homa, shemeji akachanganyikiwa, mke wangu akasema atabaki amsaidie kumpeleka kliniki. Nikavua viatu nikijua safari imekufa. Kuchungulia nje, mama alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma cha gari, mkoba mapajani, anatazama mbele.

"Nenda naye," mke wangu akaniambia.

"Mimi na yeye? Wawili?"

"Kuna dereva."

Dereva ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu, dada wa miaka thelathini hivi, mwembamba, aliyekulia Karagwe na kujua Kiswahili chetu na utani wake. Aliniamkia shikamoo nikaitikia, nikakaa mbele. Hatujatoka mjini, sauti ikatoka nyuma.

"Binti, mwambie huyo baba afunge dirisha."

Dada akanitazama. "Baba, mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema, nikafunga. "Mwambie nimefunga."

"Mama, amefunga."

Tulikwenda hivyo saa mbili na nusu. Barabara ilijikunja na kupanda, baridi ikaingia, mashamba ya viazi mviringo yakaning'inia kwenye miteremko ambayo mimi nisingeipanda hata na kamba. Mama akamwambia dada aniulize nani alilima kule juu, dada akaniuliza, nikamwambia dada kwamba yeye ndiye mwenyeji. Nilivua koti nikampa dada, dada akampa mama. Nilipewa shukrani kwa njia hiyo hiyo. Dada akawa anauma midomo asicheke.

Ruhondo, lile la chini, nililiona kwanza kati ya mikaratusi. Nitakubali hapa nilichokataa kukubali siku ile: si dimbwi. Maji yake ni meusi na yametulia, vilima vimeliinamia kila upande, na juu ya yote umesimama mlima Muhabura, kichwa kimeingia mawinguni. Hakuna harufu ya dagaa, hakuna jiwe hata moja la kukalia. Tulivaa maboya, tukapanda mtumbwi, dada akakaa katikati yetu, mpiga kasia nyuma. Ng'ambo tukaanza kupanda njia ya miguu kwenda juu ya kilima, mahali unaposimama ukayaona maziwa yote mawili.

Mama alipanda na fimbo yake, hatua, pumzika, hatua, pumzika. Nilikuwa mbele kwa heshima, nikasimama kila mara nikijidai natazama ndege. Nikamsikia akimwambia dada, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwenda pole hajikwai."

Akafika. Alisimama pale juu muda mrefu, Burera upande mmoja, Ruhondo chini upande wa pili, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kweli halimwagiki," akasema.

Dada akamweleza kwamba maji ya juu hushuka kwenda la chini kwa njia yake. Mama akauliza kama la juu haliishi. Hapana, mama, mvua inalijaza. Akatikisa kichwa, akacheka peke yake. Sikuwa nimewahi kuyaona meno ya mama mkwe wangu.

Mvua aliyoitaja dada ikatukuta njiani tukishuka. Haikuwa kubwa, lakini udongo wa kule ukipata maji kidogo unakuwa sabuni. Nikasikia nyuma yangu kitu kimeburuzika, nikageuka. Mama alikuwa chini, amekaa kwenye tope, mguu mmoja umekunjika na haunyooki. Ni goti lile lile la Misungwi.

Dada alijaribu kumwinua, akashindwa. Uzito wake labda ni nusu ya wa mama. Akasema jirani kuna kaya yenye machela ya kubebea wagonjwa, atakimbia akaite wanaume wanne.

"Mwambie huyo baba," mama akasema, meno yakigongana kwa baridi, "mimi sibebwi kwenye machela nikiwa hai."

Kutoka pale mpaka kwenye mtumbwi palikuwa na mteremko wa kama dakika ishirini. Mvua ikazidi. Nilimtazama mama, ndiyo, nilimtazama usoni, nikaona anaogopa. Nikaona pia jiko la Misungwi na ile siku nzima sakafuni. Hasira zikanipanda, sijui za kumkasirikia nani. Nikampa mgongo, nikachuchumaa.

"Dada, mwambie mama apande."

"Mama, baba anasema..."

"Nimesikia," mama akasema.

Kisha nikahisi mikono miwili mabegani kwangu, myepesi, kama inagusa chungu kilichotoka motoni. Dada alimfunga kwangu kwa kitenge, akakaza fundo kifuani pangu. Mama akavuta upande wa pili wa kitenge akajifunika uso. Hivyo ndivyo nilivyomshusha mama mkwe wangu mlimani: mwalimu wa miaka hamsini na tatu, suruali imejaa tope, nimembeba mama wa mke wangu kama mtoto mchanga, naye kajifunika asinione ninavyombeba. Niliteleza mara mbili nikajishikilia kwenye mahindi ya watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ziwani kwetu. Nilijua tukianguka hapa, sina uso wa kurudi nao Kigali.

Katikati ya mteremko, sauti ikatoka chini ya kitenge, karibu kabisa na sikio langu.

"Usikimbie. Mimi si gunia la mpunga."

Nilisimama. Dada alikuwa mbele mbali, hakuna wa kuambiwa isipokuwa mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Kanyaga kwa kisigino."

Nikakanyaga kwa kisigino, na tangu hapo sikuteleza tena.

Kwenye mtumbwi alikaa amegeukia maji. Mvua ilikatika. Nilikuwa nahema, naona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na raha fulani ambayo sikuthubutu kuitazama. Dada alikaa katikati tena, akasubiri kupewa ujumbe wa kupeleka. Mama akainama pembeni yake ili anione.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Umenishika."

"Nimekushika, mama."

"Unajua kuna faini."

"Najua. Mbuzi." Kwa hesabu ya kwao, mkwe akimgusa mama mkwe hulipa mbuzi, anachinjwa, mama mkwe anakula, neno limeisha. "Jumamosi tukirudi nitakuletea Misungwi."

Alikamua ncha ya kitenge chake majini. "Misungwi nitakula na nani mbuzi mzima? Mfunge kwako. Nitakuja nimle huko huko. Nikimaliza, narudi kwangu."

Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitaharibu.

"Kile chumba," akaendelea, "wanasema kina mlango wake."

"Kina mlango wake, mama. Unafungukia uani."

"Basi."

Akageukia maji. Dada akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akauliza kama tulikuwa tumegombana. Nikacheka mpaka mpiga kasia akasimamisha kasia. Nilicheka kwa kupumua, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo, ingawa mzigo wenyewe nilikuwa nimeshauteremsha kule ufukoni. Jioni tulipofika, homa ya mtoto ilikuwa imeshuka. Mke wangu alinisikiliza hadithi yote amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa mikono.

Tuliporudi Mwanza nilihamisha magunia ya mpunga, nikaenda mnadani nikanunua mbuzi. Mama alikuja na mkoba ule ule na sanduku moja dogo, sanduku la mtu wa siku nne. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wake. Jumamosi ilipofika nilinoa kisu, nikamwendea mbuzi. Mama akatoka nje, akamtazama kwa makini, akamshika mbavu.

"Mkwe, huyu amekonda. Huwezi kunilipa mifupa."

Nikarudisha kisu. Krismasi ikaja, nikauliza. Bado amekonda. Pasaka, amekonda. Siku hizi mama anapita sebuleni akitaka kusikiliza taarifa ya habari, nami singilendi naivaa ninavyotaka. Simu ikilia, mke wangu anamaliza kwanza kukaanga vitunguu. Maganda ya viazi, makombo ya ugali, majani ya mahindi, vyote mama anampelekea mbuzi mwenyewe kwa mkono wake, asubuhi na jioni.

Wiki iliyopita wajomba walitutembelea kutoka Misungwi. Mmoja akamwona mbuzi pale uani, tumbo linakaribia kugusa chini, akauliza mbuzi mkubwa hivi anasubiri nini. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mkwe," akasema, "waambie wajomba."

"Bado amekonda," nikawaambia wajomba.