Mbegu za Kwenye Kompyuta

Mwaka ule mahindi yalipokauka tukala ugali wa uwele na mlenda, mjukuu wangu wa kike alikuwa anatengeneza tovuti ya kikundi chetu cha wafuga nyuki. Akaniomba daftari la wanachama.

"Bibi, nataka majina yawe mbegu za kujaribia."

Shule niliishia la pili, lakini mbegu naijua. Nikamuuliza inaotaje. Akasema kila jaribio kompyuta inapanda majina, inakagua kama tovuti inafanya kazi, kisha inafuta yote ili jaribio linalofuata likute shamba safi.

"Inafuta watu?"

"Majina tu, Bibi."

"Watu wangu hawafutwi."

Akanuna. Nikamwambia atunge wa kwake. Basi akapanda Mama Mlenda, Mzee Uwele na Binti Karanga, wakafutwa na kupandwa tena siku nzima, mpaka alama zote zikawa za kijani, yaani majaribio yamefaulu. Nilijivuna kama tovuti nimeitengeneza mimi.

Baadaye tovuti ikafunguliwa, wanachama wa kweli wakiwamo. Akaja tena, anabembeleza: "Bibi, nijaribie humo humo, mara moja tu?"

"Watu wangu hawafutwi."