Maji ya Mara ya Pili

Akosua Dufie alikosea Jumatatu, saa kumi alasiri, mbele ya watu watatu na bilauri ya maji.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akifuata nyanya za kuuza. Alipanda malori yenye matenga matupu kutoka Kumasi, akavuka mpaka pale Paga, akaingia Burkina, akangoja wakulima wavune, kisha akarudi na mzigo. Alilala chini ya malori na kwenye mabaraza ya watu, na alijua kubishana bei kwa lugha nne. Nyumba ya ukoo wao, upande wa Mampong, aliifikia mara mbili tatu kwa mwaka, akakaa siku mbili, akaomba njia, yaani ruhusa ya kwenda, akaondoka. Mwaka huu mwenye lori alifariki, watoto wake wakaliuza, na Dufie, mwenye miaka hamsini na sita na goti lisilokunjika vizuri, hakutafuta jingine. Hakulia wala hakufurahi. Alifunga begi lake kama mtu anayefunga duka jioni ya kawaida.

Kwao, anayefika haulizwi neno akiwa amesimama. Huwekewa kiti, hupewa maji, hupewa mikono, ndipo mkubwa wa nyumba anapomwomba aeleze kilichomleta. Akishaeleza, nyumba nzima hufuata neno lile. Mkubwa wa nyumba hii ni mjomba wake, Amponsah, karani mstaafu wa reli, mtu ambaye hata uji huunywa kwa utaratibu. Alijitanda shuka lake la heshima, bega moja wazi, akasema, "Hapa ni amani. Wewe ndiye mwenye njia."

Dufie akafungua kinywa, na ulimi ukaenda ulikozoea kwenda.

"Si kwa ubaya, mjomba. Nimepita tu kuwasalimu."

"Tumesikia," mjomba akasema. "Karibu."

Basi, ikawa hivyo. Mpita njia hahitaji chumba, kwa hiyo alitandikiwa godoro sebuleni. Chumba cha marehemu mama yake, ambacho mama mwenyewe alimwachia kama binti mkubwa, kilikuwa na cherehani tatu za Frema, binti wa mdogo wake, Birago. Hakuna aliyekitaja. Kila jioni aliwekewa fufu na pande kubwa la nyama. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kuosha vyombo, anaambiwa akapumzike, njia ni ndefu.

Siku ya tano Birago aliwaambia wanawake wenzake bombani kwamba safari hii salamu za dada yake zimekuwa ndefu, sasa anawasalimu hadi kuku mmoja mmoja. Wanawake wakacheka. Dufie naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Angeweza kusema. Kila asubuhi maneno yalikuwapo, yamepangwa vizuri kama mzigo ndani ya lori ambalo hakuna aliyetoa amri lipakuliwe. Alikuwa amedhani kwamba siku atakapoacha barabara ataona nafuu, au uchungu, au chochote. Alichokuta ni ile hali ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Kwa hiyo alikula nyama aliyopewa, akanyamaza.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata kulikuwa na msiba. Binamu yake mjomba alikuwa anazikwa, na wageni wa Kumasi wangejaa nyumba nzima. Mpaka siku hiyo Dufie alipaswa kuwa ama mwenye nyumba ama mtu aliyekwisha kuondoka. Alhamisi asubuhi mjomba akamwita.

"Mpwa wangu, godoro la sebuleni lina watu Jumamosi. Nikupe njia lini?"

Hapo Dufie akalisema.

"Sikupita, mjomba. Nimeacha lori. Nilirudi nyumbani."

Birago, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliweka kisu chini. "Siku kumi nakulisha paja la kuku, dada. Siku kumi mimi nakula shingo."

Mjomba hakucheka. Neno lililotolewa juu ya maji, alisema, haliondolewi kwa maneno makavu. Achukue begi lake, atoke mpaka barabarani, aje kama anavyokuja mtu. Birago alisema huo ni mchezo wa watoto. Mjomba akamjibu kwamba reli nayo haikuwa mchezo, na tiketi iliyokosewa haikufutwa kwa mate, iliandikwa upya.

Frema alisimama kwenye mlango wa chumba, utepe wa kupimia shingoni. Aliuliza kama mama mkubwa akirudi, cherehani zake zitakwenda wapi.

"Hajarudi," mjomba alisema. "Hatuna habari zake."

Dufie akatoka na begi. Barabara kuu haiko mbali. Alifika, akasimama kwenye kokoto, akajiuliza mtu anayefika hungoja muda gani. Hapo ndipo lori la nyanya lilipotokea likitoka kaskazini, likapunguza mwendo, likasimama mbele yake. Dereva alikuwa Issifu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka saba.

"Mama Nyanya! Waliniambia umestaafu, nikasema waongo hawa. Panda. Matenga yangu yamepangwa na mbuzi."

Aliyatazama. Ya chini yalikuwa yamepondeka na maji mekundu yalidondoka kwenye lami. Issifu alisema wanashusha Kumasi, kesho kutwa wanapanda tena juu, kiti cha mbele ni kitupu. Mlango aliufungua kwa mguu. Goti la Dufie, lile baya, lilikuwa tayari linajipinda kutafuta kipandio.

Alingoja moyo useme. Moyo haukusema, si kwa ajili ya lori wala kwa ajili ya nyumba. Aliloweza kuona ni jambo moja tu: huku hakuna aliyehitaji neno kutoka kwake, na kule mzee mwenye nyonga mbovu alikuwa amekaa kwenye kiti kigumu, amejitanda shuka upya, na asingenyanyuka mpaka mtu aje na neno. Haikuwa hamu. Ilikuwa kama miadi.

"Matenga yenye nyanya mbivu yaweke juu," alimwambia Issifu. "Mimi kuna watu wananingoja."

"Tangu lini wewe?"

"Tangu asubuhi."

Alirudi. Kiti kiliwekwa, maji yakaletwa, mikono ikatolewa. Birago alitoa wake akiuma midomo. Mjomba alisema yale yale, amani, na mwenye njia. Dufie alikunywa maji yote kwanza.

"Si kwa ubaya," alisema. "Nimefuata nyanya miaka ishirini na mitatu, sasa basi. Sikuja kusalimu. Nimekuja kukaa, na naomba chumba cha mama yangu."

Mjomba alimgeukia Frema, kwa kuwa aliyemo ndani naye ana haki ya kusikika. Frema alisema dirisha la chumba kile ndilo pekee lenye mwanga wa kushonea, na akitolewa itabidi akapange mjini. Dufie akasema cherehani zibaki dirishani, kitanda kikae ukutani.

"Mama mkubwa, mimi naanza alfajiri. Zinapiga kelele."

"Nimelala chini ya injini, mwanangu."

"Tumesikia," mjomba akasema, na akaomba asaidiwe kunyanyuka.

Jioni hiyo Dufie alipewa shingo ya kuku, na baada ya kula aliachiwa vyombo vyote.

Jumamosi uwanja wa msiba ulijaa nguo nyeusi na nyekundu. Wafiwa hukaa safu moja, na wanaofika hupita mbele yao wakiwapa mkono mmoja baada ya mwingine. Miaka yote Dufie alikuwa mmoja wa wanaopita. Safari hii alisimama pembeni, begi la mkononi kifuani, mpaka Birago alipomsukuma kwa nyonga akakaa naye kwenye benchi la wenyewe. Mikono ikaanza kuja. Bibi mmoja wa Kumasi alisimama mbele yake, akamkazia macho, akauliza alifika lini.

"Huyu hakufika," Birago alijibu. "Huyu anakaa hapa."

Bibi akasogea mbele. Ikaja mikono laini, ya sugu, yenye pete, yenye jasho. Dufie alingoja kama atasikia kitu. Baada ya mikono arobaini hivi, kifundo cha mkono kilianza kuuma. Mkono wa kushoto hautolewi, kwa hiyo aliutumia kushikilia kiwiko cha kulia, akaendelea kupokea, na foleni bado ilikuwa imefika getini.