Sauti Iliyobaki Skrini Ilipozimika

Ungenisimulia wewe kisa hiki, ningekucheka na kukudai ushahidi. Nimesomea kompyuta chuo kikuu hapa Kampala, na nyumbani walishachoka kunialika kwenye maombi kwa sababu ya maswali yangu. Kwa hiyo sikuombi uniamini. Nakuambia tu kilichonipata saa nane mchana, nikiwa sijalewa wala sina homa.

Nyuma ya soko la Nakawa palikuwa na kibanda cha video cha Mama Neema, Mkongo wa kutoka Bukavu. Mumewe alikuwa viijei: filamu ya Kichina ikionyeshwa, yeye alikaa kando na kipaza sauti, akaitafsiri kwa Kiswahili na kuwatania waigizaji hadi wake wa askari wa kambi ya jirani wakalia kwa kicheko. Akafa ghafla. Filamu zenye sauti yake zilibaki kwenye kompyuta moja, na sasa kompyuta hiyo ilikuwa inazimika skrini.

"Fanya yote, fundi," Mama Neema aliniambia, "lakini usifute kitu. Neema ana miaka miwili. Atamjua baba yake kwa sauti hiyo tu."

Nikamwahidi. Akaenda sokoni, akaniacha na mabenchi matupu na madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi.

Ugonjwa niliujua. Nikiiwasha bila draiva ya kadi ya picha, ile programu inayoiongoza skrini, kompyuta inatulia. Nikiiwasha kawaida, dakika tatu tu, giza. Basi kosa ni la draiva, au sivyo? Nikaiondoa, nikaweka ya zamani. Giza. Nikaweka mpya. Giza. Nikabadilisha hata kadi yenyewe. Giza tena, na safari hii spika zikasema, kwa sauti ya kiume yenye lafudhi ya Bukavu:

"Muangalie ule musomi. Sasa atajikuna shingo."

Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda shingoni.

Elewa, draiva ikianguka, skrini hufa na sauti huweza kuendelea. Hilo ni jambo la kawaida. Nikajiambia kuna filamu inacheza gizani. Lakini filamu gani, nami sijafungua hata moja?

"Anatafuta filamu. Hakuna, ssebo, bwana mukubwa. Leo filamu ni weye. Sasa anashika skurubu. Itamuanguka."

Ikaanguka.

"Digrii yote ile, skurubu inamushinda."

Nikachomoa waya wa spika. Sauti haikukatika. Ilihama tu, ikatokea kwenye benchi la mwisho, wanapokaa watazamaji.

Viijei huitazama filamu peke yake kwanza, ndipo aje kuitafsiri mbele ya watu. Ndiyo maana hutangulia. Huyu naye alinitangulia.

"Sasa atafuta. Atafuta yote, kisha atamudanganya Mama Neema ni umeme."

Je, sikuwa na njia ya kumfanya mwongo? Nilikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi. Lakini nilikuwa na hasira kuliko hofu, nikataka anyamaze, basi. Nikaiwasha kompyuta kwa CD ya kuweka mfumo upya, ambayo haihitaji draiva ile. Skrini ikawaka safi. Sikunakili kitu. Nikabonyeza kufuta diski nzima.

Kimya.

Mama Neema akarudi na nyanya zake. "Imepona?"

"Umeme, Mama," nilisema. "Ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Vyote vimeungua."

Aliketi benchi la mbele. Nyanya moja ikabingirika, hakuiokota. "Hata kicheko chake?"

Nyuma yetu, benchi la mwisho, mtu alicheka. Mama Neema hakugeuka. Hakusikia.

Tangu siku hiyo, skrini yoyote ikizimika mbele yangu, ya kazini au ya simu mkononi, naisikia. Sauti aliyoachiwa Neema nimebaki nayo mimi, na haina neno jema kwangu. Wiki iliyopita ilisema nitakwenda kwa Mama Neema kukiri, nitafika mlangoni, nitarudi. Jumapili nilikwenda. Nilifika mlangoni, nikamsikia mtoto ndani. Nikarudi.

Nawe unayetengeneza mashine za watu, nakili kwanza, ndipo uguse. Na siku utakapotabiriwa ubaya wako mwenyewe, usibaki kubishana kama mimi. Inuka, mlango ukiwa bado wazi.