Mwaka Nilioahirisha

Mimba yangu ilipoanza kuonekana nilikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi hapa Dodoma, na baba wa mtoto alikuwa darasa lilelile, safu mbili mbele yangu. Wazazi wa pande zote walishajua. Alikuwa ameshapeleka barua ya posa kwetu Mlali. Kilichobaki kilikuwa chuo.

Nilikwenda ofisi ya wanafunzi kuomba likizo ya uzazi. Mama niliyemkuta pale aliitikia shikamoo yangu, akanivutia kiti.

"Likizo ya uzazi ni ya mwajiriwa, mwanangu," alisema. "Wewe mwajiri wako nani?"

Nilikaa kwenye kile kiti.

"Utaahirisha mwaka. Nafasi yako haipotei. Ila ukiahirisha, na mkopo unasimama mpaka urudi."

"Na baba wa mtoto? Naye anasoma hapahapa."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali geni. "Yeye si anaendelea tu?"

Akaendelea kweli. Simlaumu. Tulikubaliana wenyewe kwamba tukiahirisha wote wawili tutabaki bila bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, hata moja. Nikarudisha ufunguo wa hosteli, nikapanga chumba Zuzu, nje kidogo ya mji, ambako kodi ilikuwa nafuu. Alinilipia yeye kwa kugawa bumu lake, na kila Jumapili alikuja na mfuko wa nyanya na ndizi. Siku nyingine zote nilibaki na upepo na vumbi lake. Nilifungua madaftari ya zamani nikasoma kwa sauti, ili tu mle chumbani muwe na mtu anayesema. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu waliulizana mtihani uko ukumbi gani, nani kachukua kalamu ya nani. Mwishowe nikajitoa. Hakuna aliyeuliza.

Nilijifungua mtoto wa kike, kwa upasuaji, katika hospitali ileile tuliyokuwa tukifanyia mafunzo kwa vitendo. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mlali, ila asubuhi ndugu hawaruhusiwi wodini, wanangoja nje. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mtoto raundi ya kukagua wagonjwa ilipoingia. Mbele alikuwa mkufunzi mgeni asiyenijua, na nyuma yake baadhi ya wenzangu wa darasani, wamevaa makoti meupe. Na yeye, baba wa mtoto, yumo.

Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja hosteli alitabasamu kidogo, halafu akatazama chini. Wengine walifungua madaftari yao. Hawakuwa wabaya, kwenye raundi anayesema ni mkufunzi.

Mkufunzi alichukua faili langu, akampa baba wa mtoto. "Tueleze kuhusu huyu mama."

Alisoma. Umri wangu, mimba ya kwanza, sababu ya upasuaji, presha ya asubuhi ile. Nilitazama mikono yake, maana uso sikuweza. Alisoma vizuri, bila kukwama.

"Kabla hujamruhusu kwenda nyumbani, utataka kujua nini?"

"Kama kidonda ni kikavu. Kama mtoto ananyonya."

"Na nini tena? Kwa mshono huu hawezi kuinua ndoo. Nyumbani ana nani wa kumsaidia?"

Akafunua tena faili. Wenzake wote walikuwa wanajua, wakatazama sakafu.

"Muulize mwenyewe, si yuko hapo?"

Akainua macho. "Mama," aliniita, kwa sauti ya chini, kama tulivyofundishwa kuwaita wote, "nyumbani una nani?"

"Nina mama yangu," nilisema. "Atanipeleka kwetu Mlali."

Hilo tulikuwa hatujalizungumza. Alilisikia pale, mbele za watu, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia. Akaandika. Wakasogea kitanda kinachofuata.

Jioni alirudi bila koti, akambeba mtoto, akalia.

"Ningesema nini?" aliniuliza.

"Hakuna. Hata ungesema ni mwanao, nani angekupa likizo?"

Mlali nilikaa mpaka mtoto akaanza kutambaa. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akanibebea mtoto nilale. Nyumba ilijaa watu, wajomba, mashangazi, majirani waliokuja kumwona mtoto na kukaa hadi ugali uive. Nilicheka nao. Lakini hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba wenzangu wakati huo walikuwa wanafanya mtihani wa mwisho, na yeye akiwa mmoja wao.

Siku hizi tumefunga ndoa, tunaishi Area D, hapahapa mjini, wote watatu, na sote tuna ajira. Lakini wakati narudi chuoni yeye alikuwa ameshamaliza na kupangiwa mafunzo ya kazi mkoa wa mbali. Mtoto nilimwachisha ziwa nikamwacha kwa bibi yake. Darasa jipya waliniita dada mkubwa, wakanipisha kiti cha mbele. Wiki ile ya kwanza maziwa yalikuwa bado hayajakauka. Katikati ya kipindi niliomba ruhusa, nikaenda kuyakamulia kwenye sinki la chooni, nikafungua bomba, nikajifunga vizuri kanga ndani ya sare, nikarudi kukaa.